Nachimba chuma, nimeandikwa nachimba vito! Yule wa dirisha la tatu leo amenimaliza

Nyundo_Nzito:
Wakuu, naandika nikiwa bado nje ya ofisi wanakotuandika shughuli zetu kwa namba, hapa hapa Arusha mjini, mikono inatetemeka. Yule karani wa dirisha la tatu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye ukifika asubuhi kijana unatoka na mvi.

Nilibeba jiwe. Hematiti safi, kilo mbili, ukiikwaruza kwenye kigae inaacha mstari mwekundu kama damu kavu. Nililibeba makusudi, asije akasema hakuelewa. Nikaliweka mezani kwa adabu zote, nikamwambia: "Kaka, hili ni jiwe la chuma. Kwenye ISIC, ile orodha ya Umoja wa Mataifa inayopa kila aina ya shughuli za uchumi namba yake, yangu ni 0710." Hata hakuliangalia. AKALISUKUMA KWA KALAMU. Kwa ncha ya kalamu, wakuu, kama anaondoa panya aliyekufa! Akasema, "Mzee, huku kwetu madini ni Mirerani. Nakuwekea vito." Akabonyeza 0899.

Foleni nzima ikacheka. Kuna mama alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

0899 ni kapu la masalio! Humo kuna vito, maika, grafaiti, mpaka lami ya asili. Dhahabu, shaba na nikeli zimebanana chumba kimoja, 0729, lakini chuma kimepewa nyumba yake peke yake. Ukiponda mawe, ukiyaosha, hata vumbi lake ukiligandisha liwe vidonge palepale mgodini, bado uko 0710. Mpaka uyeyushe ndipo unahamia viwandani, 2410. Mimi nina tanuri? Nina sururu!

Mnunuzi wangu ni wa kiwanda cha saruji, wanachanganya chuma kidogo kwenye malighafi yao. Nimempigia sasa hivi. Anasema karatasi ikisoma vito, mhasibu hapitishi malipo. Lori limeshapakiwa, wakuu. Na yule kasukuma jiwe langu kwa KALAMU.

Meku_Kibosho:
Pole mkuu. Ila kilo mbili za jiwe ofisini, ulitaka akupokee na chai?

Binti_Sakina:
Dirisha la tatu tena! Mimi nina machimbo ya kokoto, 0810, haina mjadala. Kaniandika ujenzi wa barabara. Nimejenga barabara ya kwenda wapi mimi?

Nyundo_Nzito:
Dada, wewe alikuandika vibaya tu. Mimi alinisukumia jiwe kwa kalamu mbele ya watu. Havilingani.

Kijenge_Juu:
Mkuu unavyoililia 0710 utadhani Liganga yote, ule mlima wa chuma, ni yako. Una hekta ngapi kwanza?

Nyundo_Nzito:
Sita. Leseni ndogo inaruhusu mpaka kumi. Na hata ningekuwa na shimo la kaburi, namba haiulizi shimo lina ukubwa gani, inauliza unatoa nini humo. Liganga ya Ludewa na mimi tuko mstari mmoja.

Kijenge_Juu:
Mstari mmoja 😂😂 Wao wana mlima, wewe una jiwe lililosukumwa na kalamu.

Mwana_Ugweno:
Wazee wetu Ugweno, kule Upareni, walifua chuma wakawauzia Wachagga majembe na mikuki, hakuna aliyewadai namba.

Meku_Kibosho:
Ndiyo maana majembe yenyewe yalikuwa yanapinda.

Mwana_Ugweno:
Meku usinianze. Bila sisi mngelima kwa kucha.

Mama_Kahawa:
Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Niacheni na mimi niseme. Niko Moshi, nalima kahawa, hiyo ni 0127. Naikaanga mwenyewe, hiyo ni 1079. Wa huku kwetu kasikia neno kahawa tu, kaandika mgahawa. Juzi bwana afya kaja kukagua choo cha wateja. Wateja gani? Nina migomba na mbwa wawili!

Kijenge_Juu:
Mama umenivunja mbavu. Na mbwa hawana choo?

Binti_Sakina:
Mama, hiyo ya kukaanga robo kilo unauzaje?

Nyundo_Nzito:
Jamani, uzi ni wa chuma! Nani anajua namna ya kubadilisha namba bila kurudi dirisha la tatu? Lori linasubiri.

Meku_Kibosho:
Rudi tu mkuu. Safari hii beba na kalamu yako.

Mama_Kahawa:
Binti, njoo inbobo tuelewane bei. Nakaanga Ijumaa.

Binti_Sakina:
Inbobo ndiyo wapi mama?

Mama_Kahawa:
Kule kwa ujumbe wa siri mwanangu, simu yangu inaandika inavyotaka. Nakuwekea nusu kilo?

Binti_Sakina:
Weka kilo nzima, na ya Mwana_Ugweno.