Shirika la umeme likitaka kukupunguzia AC jioni, utakubali?

Abu_Casuarina (Malindi)

Asalam aleikum jamaa, natumai mko salama na hili joto la kaskazi. Nina swali nataka majibu ya ukweli. Ndugu yangu yuko Houston kule Marekani, juzi twaongea kwa simu nikamlalamikia vile stima inatukatikia huku kila ikifika magharibi, akanambia kule kwao kuna mpango wewe wajiandikisha, wapewa kitu kidogo, halafu siku ya joto kali watu wote wamewasha AC kampuni yaingia kwa intaneti yaipandisha termostati yako yenyewe (kile kidude cha ukutani cha kupangia baridi), uliiweka nyuzi 22 wastukia nyumba iko 25 na nusu na hakuna mtu aliyegusa rimoti. Juni 2021 watu wa huko waliteta sana, kuna waliokua wamelala mchana wakaamka wanatoka jasho, kumbe walikubali wenyewe wakifuata zawadi ya bahati nasibu na hawakusoma yale maandishi madogo.

Mie nina AC mbili. Moja chumba cha mamangu, ana miaka 81 na presha, nyingine nyumba ya nyuma napangisha wageni. Saa moja mpaka saa nne usiku ndio wakati stima inayumba ama inaenda kabisa, na mwezi uliopita ilienda masaa matano mamangu nikampepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa nauliza, wakija hapa na mpango kama huo wa kupunguza AC kidogo kidogo, si afadhali kuliko kuzima mtaa mzima? Na kwa mita zetu hizi yawezekana kweli?

fundi_baridi_Maweni

Waaleikum salaam Abu. Mama kwanza mpe salamu zangu.

Nianze na hivi AC inavyokula stima manake wengi hawajui. Ile split ya kawaida (sehemu moja ndani, nyingine nje) ya 12,000 BTU, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, inavuta kama kilowati moja, na karibu yote ni kompresa ile ya nje, feni ya ndani ni kidogo sana. Kwa hivo nyumba elfu moja zikiwasha AC pamoja hapo ni megawati moja imeenda. Wenzetu walioanza hii kitu zamani hawazimi AC yote, wanazima kompresa tu labda dakika 15 kwa kila nusu saa na feni yaendelea kupuliza, halafu wanazungusha, kundi hili sasa, kundi lile baadae. Ukuta ukiwa mnene na madirisha umefunga hata hujui. Queensland kule Australia wao wanaweka kifaa ndani ya AC, signali yapita kwa waya zilezile za stima, AC yaambiwa ifanye kazi nusu ama robo tatu, haizimwi. Na mwenye nyumba anaponunua AC ya aina hiyo analipwa pesa taslimu.

Lakini kuna jambo watu hawalisemi. Ukiziachilia zote kwa pamoja saa nne usiku, zote zitataka kurudisha baridi kwa nguvu wakati mmoja na waweza kupata mzigo mwengine mkubwa kuliko ule ulioukimbia. Na kompresa za kizamani zisizo za inverta (zile zinazojipunguzia kasi zenyewe) ukizima na kuwasha papohapo unaziua, lazima zipumzike dakika tatu hivi. Nimebadilisha kompresa nyingi hapa Malindi sababu ya stima kwenda na kurudi kwenda na kurudi, kwa hivo mie kama fundi naona kupunguza kwa mpango ni bora mara mia kuliko kukata.

Kuhusu mita, hizi zetu za token hazisikii kitu kutoka ofisini. Mwakumbuka 2024 mita zilipotakiwa kufanyiwa apudeti? Kila mtu ilibidi aingize tarakimu mwenyewe kwa kidole, nyumba kwa nyumba, nchi nzima. Mita ambayo huwezi kuifikia hata kwa jambo lile utaizimiaje AC? Itabidi kifaa kingine kabisa, ama AC yenyewe iwe na waifai.

BintiLangoni (Amu)

Mie nasoma hapa moyo wanidunda. Sisi Lamu kabla ya ile laini kubwa ya kutoka Rabai kupita Malindi na Garsen kutufikia tulikua na jenereta za dizeli, twajua maana ya stima kidogo. Halafu wakaja na makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, tukaambiwa bila hiyo nchi itakosa umeme, watu wa hapa wakapinga mpaka mahakama ya mazingira ikafuta ile leseni Juni 2019. Kwa hivo nikisikia kuna njia ya kupunguza matumizi masaa matatu ya jioni badala ya kujenga mtambo mwengine wa kuchafua bahari yetu mie naunga mkono, wallahi naunga mkono.

Lakini kwanini waanze na AC? Hapa mjini wenye AC ni wachache, mahoteli ya Shela na majumba ya wageni. Nyumba ya nyanyangu ya mawe, ukuta wa kama nusu mita, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, hewa yaingia juu, mchana wa Februari walala bila hata feni. Nyumba za siku hizi ni bloku na bati, bati lapika tangu asubuhi halafu mtu anunua AC kupigana na bati lake. Na kama wataka mzigo wa kuzima bila kuumiza mtu nendeni kwenye mafriza ya barafu ya wavuvi na pampu za maji za mahoteli. Friza limejaa barafu ukilizima saa moja mpaka saa tatu halidhuriki, samaki wako salama. Mtu mzee mwenye presha si friza.

Mambrui_Denver

Kwetu Mambrui lakini niko Colorado mwaka wa tisa. Naongeza la huku. Tarehe 30 Agosti 2022 Xcel Energy, kampuni ya stima ya huku, walifunga termostati za nyumba kama 22,000, watu wakaenda ukutani kubonyeza wakakuta imeandikwa dharura ya nishati huwezi kubadilisha. Wote walikua wamejiunga kwa hiari, dola 100 mwanzo na 25 kila mwaka. Siku za kawaida wakikuzidishia joto waweza kukataa ukarudisha, siku ile haikuwezekana kwa masaa kadhaa. Watu hawakukasirika sana kwa joto, walikasirika kwamba kitu cha nyumbani kwao kimekataa mkono wao. Abu, ukija kuletewa karatasi huko Malindi tafuta jambo moja tu kwanza: je, kuna siku yoyote ambayo sitaweza kukataa? Kama ipo, chumba cha mama kisiwemo.

Abu_Casuarina (Malindi)

Nyote nawashukuru, Mungu awalipe. Mambrui hilo swali lako nimeliandika kwa kitabu. Dada wa Amu umenigusa kwa lile la bati, chumba cha mamangu kiko chini ya bati na sijawahi kufikiria nimepoteza token ngapi kwa hilo.

Fundi swali moja la mwisho, hiyo sola ya Weru pale Langobaya si iko karibu na sisi hapa, megawati 40, mbona jioni haitusaidii?

fundi_baridi_Maweni

Jua likizama imelala, ndio hivo. Saa moja usiku watu warudi kutoka makazini, taa, TV, pasi, AC, vyote pamoja, na sola haitoi kitu mpaka asubuhi. Ndio maana mie nawaambia wateja wangu washeni AC saa tisa saa kumi jua bado lipo, chumba kipoe vizuri, mlango ufungwe, halafu saa moja pandisha mpaka 26 uache feni. Viwanda vina bei yao nafuu ya usiku tangu Disemba 2017, sisi wa nyumbani tungepewa bei nafuu ya mchana hivohivo watu wangejipangia wenyewe bila mtu kuingia chumbani kwako.

Abu_Casuarina (Malindi)

Basi hivi ndivyo nitafanya. Ile ya wageni wakija na mpango nitawapa waipunguze, na wageni nitawaeleza kabla hawajalipa. Ya mamangu hapana, hata wanipe nini. Na Fundi, Jumamosi ukiwa na nafasi pitia nyumbani tupime dari, nataka tuweke makuti juu ya lile bati kabla malelezi hayajafika.