Naomba ushauri: mkate wa kumimina wa Idd unabonyea katikati

Wakuu, habari za mfungo. Asubuhi ya Idd nyumbani ni mkate wa kumimina na chai ya maziwa, ila katikati unabonyea na kubaki mbichi.

Vipimo: mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai, iliki. Unasagwa kwenye blenda mpaka usikwaruze vidoleni. Tui ni la vuguvugu, maana la moto huua hamira. Rojo likishaumuka maradufu, linatiwa sukari nusu kikombe na ute wa yai 1, kisha linamiminwa kwenye sufuria ya moto iliyopakwa samli. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko.

Dakika 15 tu juu kumeshakuwa kahawia, lakini kijiti kikichomwa katikati kinatoka na uji. Rojo limeumuka kupita kiasi, au moto wa juu unawahi? Sufuria ni ya sentimita 20, na rojo linafika robo tatu; labda kina ndicho tatizo. Wa oveni mnaweka nyuzi ngapi? Unga wa ngano tafadhali msinitajie, huo utakuwa mkate mwingine.