Fangasi kwenye mzizi wa jino: haipokloraiti, klorheksidini au EDTA?

TabibuMeno_Sengerema
Wakuu habari za jioni, hasa nyie wa meno. Nina mama mtu mzima hapa, ana kisukari, gego lake la chini lilishafanyiwa ruti kanali (kusafisha na kuziba mfereji wa ndani ya mzizi) zamani sehemu nyingine, sasa limerudi na usaha. Nimelifungua, nimeosha na sodiamu haipokloraiti (dawa ya klorini), nikaweka kalsiamu haidroksaidi (dawa ya alkali inayoachwa ndani ya mfereji) nikaziba kwa muda, karudi juzi mfereji bado unatoa majimaji na ukiligonga jino anashtuka. Halafu ulimi una utando mweupe, ukiukwangua chini pako pekundu, ndo nikaanza kuwaza fangasi. Swali langu, kati ya hizi dawa tunazooshea ipi inaua fangasi kwelikweli? Mwenzangu anasema niachane na haipokloraiti nihamie klorheksidini (dawa nyingine ya kuua vijidudu) ya asilimia 2. Kung'oa sitaki kabla sijahangaika nalo vizuri, upande ule gego limebaki hilo tu na ndilo analotafunia.

Dokta_Nyakato
Mkuu umefanya vizuri kuangalia ulimi, wengi tunaishia kwenye jino. Ila haipokloraiti usiiache kabisa. Candida albicans, yule fangasi wa kawaida wa mdomoni, ikikutana nayo uso kwa uso haina ujanja, maabara hata ya asilimia 0.5 inaimaliza ndani ya sekunde 30, klorheksidini nayo inaua ila inachukua muda zaidi na haiyeyushi nyama iliyooza, haipokloraiti inayeyusha. Kinachokusumbua nadhani ni hiyo kalsiamu haidroksaidi. Bakteria wengi hawaiwezi ile alkali lakini Candida inavumilia sana, kwa hiyo umeziba jino wiki nzima na dawa ambayo mdudu mwenyewe anaishi nayo.

Jambo la pili ni ule utando wa vumbi unaobaki kwenye ukuta wa mfereji ukishapitisha faili (kijichuma cha kukwangulia mfereji). Fangasi wanajificha humo na kutuma nyuzi zao ndani ya vitundu vya dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino), dawa inapita juu tu. Hapo ndo EDTA ya asilimia 17 inaingia, inautoa ule utando, na yenyewe inawabana fangasi kwa sababu inawanyang'anya kalsiamu. Kwa hiyo osha na haipokloraiti kila unapobadilisha faili, usiweke mara moja ukaiacha maana klorini inaisha ikigusa uchafu, kisha EDTA kama dakika moja, kisha haipokloraiti tena kidogo. Usizichanganye, EDTA inaua nguvu ya klorini.

Klorheksidini iwe ya mwisho kabisa, faida yake inang'ang'ania kwenye dentini na kuendelea kufanya kazi. LAKINI kabla yake osha na maji ya chumvi na ukaushe na vile vijiti vya karatasi, ikikutana na haipokloraiti unapata mashapo ya kahawia yanaziba vitundu na kuchafua rangi ya jino. Tafadhali usiruke hapo.

Mama_Kirumba
Samahanini madokta mimi sio mtaalamu nauliza tu, kwani huyo mama asipewe vidonge vya fangasi vikaisha mambo?

Dokta_Nyakato
Swali zuri dada. Kidonge kinasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna mshipa wa damu tena, dawa itafika kwenye ulimi na fizi lakini kwenye mfereji haifiki. Ulimi utibiwe kivyake, na sukari ipimwe, ikiwa juu fangasi watarudi tu.

Maabara_Igoma
Naongezea upande wangu. Kabla hujaanza kuosha siku hiyo chukua sampuli, ingiza kijiti cha karatasi kisichokuwa na vijidudu mpaka chini, kaa nacho kama dakika moja hivi, weka kwenye kichupa uwahishe maabara. Ukishamwaga haipokloraiti ndo ukachukua, klorini iliyobaki inaua kwenye kichupa na mimi nakuandikia hakuna kitu wakati wapo. Tunaotesha kwenye Sabouraud (chakula cha kuoteshea fangasi), vikitokea vidoa vyeupe kama krimu tunaweka kidogo kwenye seramu (majimaji ya damu) nyuzi 37, ndani ya saa 2 hadi 3 Candida albicans inachomoza kijimrija unakiona kabisa kwenye hadubini.

Na chupa ya haipokloraiti unaiweka wapi? Nimeona kliniki imewekwa dirishani jua la mchana linaipiga, na joto letu hili la ziwani. Mwanga na joto vinaimaliza, unabaki unaosha na maji yenye harufu. Chupa nyeusi, kabatini, na uandike tarehe uliyoifungua.

TabibuMeno_Sengerema
Nashukuruni sana. Yangu ipo juu ya meza karibu na dirisha kweli, nabadilisha kesho asubuhi. Hapa naosha kwa sindano ya kawaida yenye tundu mbele, naogopa kusukuma ikatokea nje ya mzizi, kuna namna?

Dokta_Nyakato
Tafuta ile yenye tundu ubavuni, isibane kwenye mfereji, iishie milimita 2 kabla ya mwisho wa mzizi, sukuma polepole huku unaipandisha na kuishusha. Ikitoka nje anavimba hapohapo na maumivu makali. Na usifungue jino bila ule mpira wa kulitenga, mate yake sasa hivi yamejaa hao hao fangasi.