Fedha ndogo za presha: tupime wapya au tuwafuatilie waliokwisha kugundulika?

MjumbeWaKata: Ndugu wanajukwaa, mimi ni mjumbe wa kamati ya afya ya zahanati moja ya vijijini mkoani Tanga. Kila mwaka tunaandaa siku ya kupima presha na sukari bure, na wanaokutwa na tatizo huelekezwa zahanati. Lakini baada ya miezi michache majina mengi hayaonekani tena kwenye rejista, na baadhi yao huletwa wakiwa wamekwisha kupooza upande mmoja. Safari hii fedha ni kidogo. Je, tuendelee na siku hiyo?

MuuguziMstaafu: Ndugu mjumbe, kipimo kimoja, tena cha mtu aliyetoka kusimama juani, hakitoshi kumwita mgonjwa, hurudiwa siku nyingine akiwa ametulia, na akibaki 140/90 au zaidi ndipo tunasema ana presha ya kupanda. Kwa kuwa haumwi popote, dawa za mwezi zikiisha hujihesabu amepona. Mimi ningeanza na waliokwisha kugundulika, kwa utaratibu ambao kliniki za VVU zimeuzoea: kadi, tarehe ya kurudi, mhudumu wa afya ya jamii wa kumtafuta asiyefika, na dawa za miezi kadhaa kwa aliye imara, ili nauli isimkwamishe. Mahema na vipaza sauti vya siku ya kupima (nimeviona vingi) hurudishwa jioni ile ile.

MkaziWaMombasa: Nakubaliana na dada muuguzi, ila wasiojijua wasisahaulike, kwani mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kwamba wanayo. Apimwe kila mtu mzima anayefika zahanati, hata aliyemleta mtoto kwa chanjo. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko cha chai, ikihesabiwa pamoja na inayotiwa chunguni. Kwa hiyo zungumzeni na wapishi. Nchini Finland, mradi wa kuzuia magonjwa ya moyo ulioanza mkoa wa North Karelia mwaka 1972 ulishirikiana na vyama vya wanawake kubadili mapishi ya nyumbani.

MjumbeWaKata: Nashukuruni. Hofu yangu ni kuwarudisha watu wakakuta dawa hakuna.

MuuguziMstaafu: Ndiyo sababu daftari litangulie. Mganga mfawidhi akijua wanaohudhuria ni wangapi na wanatumia dawa gani, atakuwa na msingi wa makisio anapoagiza Bohari ya Dawa. Waiteni baada ya mzigo kufika.