Mnaouza majani ya monstera yasiyo na kifundo, huu ni wizi kabisa!!

Wakuu leo nina hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie. Miezi 8 nimelea jani moja la monstera (ule mmea wa mapambo wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu) nililouziwa kama kipandikizi, kwanza kwenye glasi ya maji nabadilisha kila wiki, nimeliweka dirishani penye mwanga ila jua lisilipige moja kwa moja, na mizizi likatoa kweli, mirefu mieupe, nikafurahi mpaka nikaita watu waje waone. Nikalihamishia kwenye udongo. Basi kimya. Hakuna chipukizi, hakuna jani jipya, limesimama vilevile lilivyokuja. Juzi ndo nikaling'oa nikaangalia vizuri kule chini, nakuta kikonyo kitupu, yaani kile kijiti cha jani tu, kifundo hakuna hata cha dawa!

Sasa kwa asiyejua, maana na mimi sikujua: monstera, philodendron, pothos na ndugu zao, mmea mpya unachipua kwenye jicho, na jicho linakaa kwenye kifundo cha shina, pale kikonyo kinaposhikana na shina, mara nyingi utaona na mzizi wa hewani umechomoza hapohapo. Jani na kikonyo chake vinaweza kutoa mizizi na vikaishi muda mrefu tu lakini haviwi mmea hata ungoje miaka. Nilitia mpaka ile homoni ya unga, kumbe homoni inasaidia mizizi, jicho haiumbi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muuzaji alijua. Kisu alishika yeye, akakata juu ya kifundo, shina lenye macho kabaki nalo litachipua tena auze tena, mimi kanipa jani la kupamba glasi halafu kaandika "kipandikizi". Kipandikizi gani hicho?

Na nyie mnaojibu watu "vumilia tu, langu liliota" semeni lilikuwa la mmea gani! Zizi planti jani tupu linaota, linafanya kiazi kidogo chini kisha ndo linachipua, inachukua miezi mingi. Sansevieria nayo ukikata kipande cha jani ukakisimika upande wake wa chini ukiwa chini kinaota (ila ile yenye kingo za njano watoto wanatoka kijani tupu, na hilo pia wauzaji hawasemi). Huwezi kuchukua habari za mimea hiyo ukamshauri mwenye monstera, mnatupotezea miezi yetu. Hoya ya umbo la moyo ndo usiseme, jani moja kwenye kikopo, likikatwa bila kipande cha shina linabaki moyo mmoja mpaka siku litakayokufa, na watu wananunua kama zawadi wakidhani litatambaa.

Tunachotaka ni kitu kidogo sana jamani, piga picha ya sehemu ya chini, kifundo kionekane, jicho lionekane. Kama ni jani tu andika ni jani tu, anayetaka pambo atanunua.

Aliyeniuzia nimemtumia picha ya hicho kikonyo tangu juzi, kasoma, kanyamaza. Kama uko humu nakwambia mbele za watu, hela yangu irudishe au nitumie kipande chenye kifundo. Na wengine mliouziwa hivihivi wekeni picha hapa chini tuone tuko wangapi.