Mto Wandle, kusini mwa London: unaanzia Croydon au Carshalton?

Msafiri_Mitcham
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mimi mgeni hapa Mitcham, nimetokea Moro. Nimepanga na jamaa zangu kuufuata mto Wandle kwa miguu toka chanzo mpaka unapoingia Thames. Hata hatujaondoka tumeshagombana. Mmoja anasema lazima tuanzie Croydon, mwingine anaapa chanzo ni yale mabwawa ya Carshalton pale kanisani. Ramani ya simu inaonyesha mistari miwili ya buluu, halafu mmoja unapotelea katikati ya mji. Na kuna kijito kingine kinatokea upande wa Tooting, maji meusi, kimepigwa zege kila upande. Hicho nacho ni mto au ni mfereji wa manispaa? Anayejua atuamue.

Dogo_Earlsfield
Anzieni Wandsworth mpande kinyume, mkichoka kuna treni na tramu. Mto hauna polisi.

BiMkubwa_Hackbridge
Marahaba mwanangu. Huyo Dogo msimfuate, kupanda kinyume utamu unaishia njiani.

Mimi naishi Hackbridge, na watu wa kujitolea wakiingia mtoni kutoa takataka nami nimo, na mabuti yangu ya mpira mpaka kiunoni. Baiskeli, matoroli ya supamaketi, viti vya ofisini, vyote nimevivuta. Kwa hiyo nisikilizeni.

Mto huu una vichwa viwili. Mkono wa Croydon mji umeukalia, maji yanapita kwenye mabomba chini ya barabara, ndiyo maana mstari wenu unapotea. Pa kuuona kwa macho ni bustani ya Wandle Park: waliufukia mwaka 1967, wakaja kuufukua 2012. Toka hapo unapita Waddon Ponds na bustani ya Beddington.

Mkono wa Carshalton ni mfupi, lakini mimi nawapa huo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya North Downs inazama ndani ya mwamba wa chaki, inachujwa humo taratibu, inakuja kutokea chini ya vilima kama chemchemi. Maji maangavu, changarawe unaihesabu, na joto lake halibadiliki sana, iwe kiangazi au baridi. Miaka ya ukame chemchemi zinalegea, maji yanapampiwa mabwawani kwa bomba, na watu wanaendelea kulisha bata bila habari.

Mikono yote miwili inakutana Wilderness Island, jirani na kwangu.

Sasa lile ambalo ramani haiwaambii. Maeneo hayo hayo ya Hackbridge yanaingia maji yaliyosafishwa kutoka mtambo wa majitaka wa Beddington, na wakati wa kiangazi hayo ni sehemu kubwa ya maji mtakayoyaona toka Mitcham kushuka chini. Mkinihesabia mito inayoingia Wandle bila kutaja bomba lile, mmenihesabia nusu. Msichefukwe. Bila hayo, mto wa chini ungekonda vibaya sana. Hatari yake tuliiona Septemba 2007, klorini ilipotoka mtamboni ikaua samaki maelfu. Na huu ni mto ambao miaka ya 1960 ulihesabiwa maiti, ndiyo kwanza ulikuwa unarudishiwa samaki aina ya trauti!

Mkifika Morden Hall Park tazameni gurudumu la kinu cha ugoro. Ndiyo, ugoro, ule ule wa mababu. Wandle una kilomita kama 14 tu lakini unateremka vizuri, kwa hiyo uliendesha vinu vya kila namna: unga, shaba, karatasi. Merton Abbey ndipo William Morris, yule msanii wa nakshi za vitambaa, alipohamishia karakana yake mwaka 1881, maji yakamfaa kwa kazi ya rangi na vitambaa; nakshi yake moja ya mwaka 1884 aliiita Wandle. Na hapo Merton ndipo alipokaa Nelson, jemadari wa majini aliyewapiga Wafaransa Abukir, kule Misri karibu na mdomo wa Nile, mwaka 1798. Kimada wake, Emma Hamilton, alikuwa na mkondo wa Wandle bustanini akaubatiza Nile. Nile! Watu wa Jinja wasisikie.

Fundi_Norbury
Hicho cha zege ni mto halali, unaitwa Graveney. Huku kwetu juu una jina jingine, Norbury Brook, unapita Norbury Park ukiwa kijito cha kuruka. Ukishuka upande wa Streatham na Tooting ndio unakuwa Graveney, unaingia Wandle karibu na Colliers Wood. Maji ya barabarani yanaishia humo, na zege halinywi maji, kwa hiyo mvua ikipiga unapanda haraka na kushuka haraka. Weusi unaouona una mafuta ya magari ndani yake. Msiingize miguu.

Msafiri_Mitcham
Asanteni sana. Bi Mkubwa, je, juu ya Croydon hakuna kitu kabisa? Na Beverley Brook nao unaingia Wandle?

BiMkubwa_Hackbridge
Beverley Brook una njia yake, unaishia Thames kule karibu na Barnes. Hauhusiki.

Juu ya Croydon kuna Bourne, toka Caterham kupita Kenley hadi Purley. Huo ni mto wa msimu. Miaka mingi hauonekani, bonde kavu, watu wamejenga. Masika ya kwao yakizidi, maji ya ndani ya chaki yanapanda yenyewe na mto unatokea. Wazee wa huko waliuona kuwa dalili ya balaa, na Februari 2014 ulifanya balaa kweli, Kenley na Purley wakahangaika na maji wiki kadhaa.

Hivyo yule wenu wa Croydon mwambieni ana hoja, ila hoja yake iko chini ya lami. Shukeni stesheni ya Carshalton, mabwawa ni mwendo mfupi. Na mwisho kabisa, Wandsworth, mto unapita chini ya maduka ya Southside. Msidhani mmeupoteza, zungukeni mbele. Angalieni saa za maji kujaa kabla hamjaenda, Thames ikipwa pale mdomoni mtaambulia matope.

Dogo_Earlsfield
Mkipita Earlsfield nipigieni yowe, nakuja na chai.