UnsatisfiedLinkError ukiita C kutoka Java: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nimekesha usiku mbili na kosa hili la UnsatisfiedLinkError (Java imeshindwa kupata maktaba ya C au methodi iliyomo), naomba kila aliyepitia aeleze lilimkamatia wapi.

Nina kodi ya C inayosoma mzani wa dukani, naiita kutoka Java kwa JNI (daraja la Java la kuita kodi ya C). Kompaila haikulalamika, faili libmzani.so (maktaba iliyotokana na kodi hiyo) naliona kwenye folda kwa macho yangu, lakini programu ikiwaka tu: "no libmzani.so in java.library.path". Nilikuwa nimeandika System.loadLibrary("libmzani.so"), kumbe Java kwenye Linux huongeza yenyewe "lib" mbele na ".so" nyuma, hivyo ilikuwa inatafuta liblibmzani.so.so! Nikaandika System.loadLibrary("mzani"), nikaanzisha programu kwa -Djava.library.path=. (itafute maktaba kwenye folda hii hii) na uzito ukasomeka.

#2
Mkuu, yangu maktaba ilipatikana vizuri, ikafa pale pale nilipoita methodi. Ukiona hivyo achana na njia za folda, jina ndilo halilingani. Methodi yangu ni pima_joto, kwenye C nikaandika kwa mkono Java_Kipima_pima_joto. JNI hugeuza mstari wa chini ulio ndani ya jina kuwa _1, kwa hiyo ilitakiwa Java_Kipima_pima_1joto. Tangu siku hiyo natumia javac -h initolee heda (faili lenye majina ya methodi kwa upande wa C), nanakili jina lilivyo.

#3
Naongezea kwa #2: ukitumia C++ na ukasahau extern "C", kompaila inalivuruga jina. Piga nm -D kwenye faili la .so uone jina lililomo kweli.

#4
Mimi naomba watu wasome ujumbe mpaka mwisho. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu kila kitu kilikwenda, nikapeleka kontena la Alpine (Linux ndogo) kwenye seva ya mteja, saa tano usiku: UnsatisfiedLinkError. Nilihangaika na java.library.path karibu saa tatu. Mwisho wa mstari ilikuwa imeandikwa kwamba kinachokosekana ni ld-linux-x86-64.so.2, wala si faili langu. Alpine inatumia musl, maktaba yangu ilijengwa juu ya glibc; zote ni maktaba za msingi za C, lakini hazilingani. Nikaijenga upya ndani ya Alpine yenyewe, ikakubali.

Hata bila Alpine, maktaba yako ikitegemea nyingine, java.library.path haisaidii kuipata hiyo ya pili. Piga ldd (huorodhesha maktaba zinazotegemewa), tafuta penye "not found", kisha weka folda yake kwenye LD_LIBRARY_PATH.

#5
"wrong ELF class: ELFCLASS32". Maktaba ya biti 32, Java ya biti 64. Mtengenezaji wa kifaa alitupa ya zamani, ikabidi tumwombe nyingine. Amri ya file inakuonyesha papo hapo.

#1
Asanteni sana wakuu. #4, nimepiga ldd sasa hivi kwenye mashine ya dukani: kuna "not found" moja ambayo kwangu haipo. Naishughulikia kabla hawajafungua asubuhi. Kuna aliyehamia ile njia mpya ya Java 22, isiyohitaji JNI? Ilikwendaje?